Kikundi chetu cha kina mama kimejaa matangazo na dawa za kufowadiwa. Nikifunge?

SWALI: Nilianzisha kikundi cha WhatsApp na kina mama tisa tuliokuwa tukipanga foleni moja kliniki, hapa Nyalenda, Kisumu. Sasa tuko 87. Kila siku ni chai ya kupunguza tumbo, maziwa ya kopo, na ujumbe wa kufowadiwa eti Fansida, dawa ya kuzuia malaria tunayopewa kliniki, inaharibu mimba. Wiki jana saa tano usiku mmoja aliandika kwamba anavuja damu, akajibiwa anywe maji moto alale. Alienda hospitali asubuhi, akapona, lakini nimekosa usingizi tangu siku hiyo. Mwingine alipoteza mtoto akatoka kimya kimya, na hatujui tumwambie nini. Nikifunge, ama kinaweza kurekebishwa? Mimi si nesi.

JIBU: Dada, usikifunge, lakini kisifike Jumapili kikiwa hivyo kilivyo. Katika yote uliyoandika, la damu ya saa tano usiku ndilo zito. Naanza nalo kwa sababu ukilipatia utaratibu, hayo mengine, hata matangazo, yatapata pa kukaa.

Kwenye uzazi huhesabiwa ucheleweshaji wa aina tatu unaoua kina mama: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Hesabu hiyo iliandikwa mwaka 1994 na bado inafundishwa. Kikundi cha simu hakina uwezo juu ya ule wa tatu. Wa kwanza na wa pili ndiyo kazi yake hasa. Mama anayevuja damu gizani hujiuliza: labda ni kawaida, labda nitafokewa bure, na gari nitalitoa wapi saa hizi? Kikundi kizuri humtoa hapo kitandani. Chenu wiki jana kilimrudisha alale. Aliyeandika habari ya maji moto hakuwa na ubaya, alitaka kumtuliza mwenzake. Kutuliza huko ndiko kulikoharibu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: dalili ya hatari haijibiwi kwa kuandika, inajibiwa kwa kupiga simu. Hakuna kuuliza damu ni ya rangi gani, wala kusema "mimi pia ilinitokea na mtoto ni mzima." Nakili ujumbe huu, uweke namba zenu, kisha uubandike juu ya kikundi:

"DALILI HIZI HAZINGOJI ASUBUHI. Mjamzito: damu yoyote ukeni, maji ya uzazi kuvuja, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, kifafa, homa, maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, mtoto kupunguza kucheza au kunyamaza. Uliyejifungua: pedi moja kulowa kabisa ndani ya saa moja, au mabonge makubwa ya damu, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifafa, kusikia sauti au kufikiria kujidhuru. Mtoto mchanga: kukataa kunyonya, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kubonyea ndani akivuta pumzi, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, ama mwili kuwa baridi; kifafa; kulegea; manjano siku ya kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni; kitovu kutoa usaha. UKIONA MOJA TU: usiandike. Piga namba hizi mbili, kisha toka uende."

Ujumbe uliobandikwa WhatsApp hukaa siku 30 kwa wingi, halafu unajiondoa wenyewe bila kuaga. Jiwekee kengele kila tarehe moja uubandike upya, na uuweke pia kwenye maelezo ya kikundi, ambako hauondoki. Wengi watashangaa kuona kichwa kuuma kwenye orodha ya aliyekwisha kujifungua. Presha ya mimba haiondoki siku moja na kondo la nyuma. Kifafa chake kinaweza kumkuta mama siku kadhaa baada ya kujifungua, akiwa nyumbani, wageni wakinywa chai sebuleni.

Namba mbili hizo ni za zamu. Tafuta kina mama wanne au watano wenye simu zinazokaa na chaji, wagawane wiki. Wa zamu analala simu ikiwa na sauti. Akipigiwa anauliza mambo matatu pekee: uko wapi hasa, nani yuko nawe, na usafiri upo? Halafu anampigia dereva, kisha mama mwingine wa plot ileile aende akae na mgonjwa. Hatoi dawa wala jina la ugonjwa. Kama hajui la kufanya zaidi ya hapo, vizuri. Kazi yake imeisha pale mama anapoingia garini.

Usafiri unapangwa mchana. Kila mama akifika mwezi wa saba awe na madereva wawili kwenye simu yake, na awe ameshawauliza bei ya usiku na kama kweli hutoka saa nane za usiku mvua ikinyesha. Dereva akisema "nitaangalia", tafuta mwingine. Kwa anayevuja damu au aliyepata kifafa, bodaboda ni hatari: anaweza kuzimia akaanguka. Tuktuk ama teksi, na mtu wa kumshika. Na kila mmoja ajue anapelekwa wapi. Kituo cha karibu ni kizuri kwa kliniki za kawaida na kwa kujifungua kusiko na matatizo, lakini si kila kituo hufungua usiku na si kila kituo kina chumba cha upasuaji. Aulize kliniki ijayo: usiku nikipata tatizo nije hapa, au nipitilize moja kwa moja hadi hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile watu wa Kisumu wanaiita Russia?

Sasa ukubwa. Watu 87 si kikundi, ni soko la Kibuye. Katika umati wa namna hiyo wanaozungumza ni kumi au kumi na wawili, waliobaki wanasoma tu, na mwenye shida anaona haya. Wagawe kwa mwezi wa kujifungua, wala si kwa mtaa wala urafiki. Mama wa miezi minne anataka kujua kichefuchefu kinaisha lini. Mwenye mtoto wa wiki tatu ana chuchu zilizopasuka na hajalala. Ukiwaweka pamoja mmoja anachoka na mwingine anaogopa. Tarehe mtaipata kwenye kijitabu cha kliniki, au mhesabu wenyewe: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza miezi tisa na siku saba. Wa miezi miwili inayofuatana wakae pamoja, kati ya 15 na 25. Kwa watu wako, hivyo ni vikundi vinne au vitano.

Kuviunganisha, tumia sehemu ambayo WhatsApp inaiita Jumuiya. Inakupa ukumbi mmoja wa matangazo ambako wasimamizi pekee huandika, na vikundi vidogo chini yake. Faida yake kubwa haisemwi sana: katika ukumbi ule wanachama hawaoni namba za simu za wenzao. Kwenye kikundi cha kawaida kila mtu anaiona namba yako, na hapo ndipo wauza chai wanapochota wateja. Funga pia mlango: washa mpangilio wa msimamizi kuidhinisha kila anayeingia, ubadilishe kiungo cha zamani cha mwaliko, na kipya kisiwekwe Facebook. Anayetaka kuingia atajwe na mama aliyemo ndani, na ampigie msimamizi simu ili sauti isikike. Wanaume wanaojifanya kina mama wajawazito wapo, na huwa wanaomba picha.

Hapo kwenye picha ngoja nikae kidogo, maana uharibifu mkubwa nimeuona ukitoka kwenye picha zilizotumwa kwa nia njema kabisa. Mama anataka kuuliza "hii maana yake nini?" anapiga picha ukurasa wa kijitabu. Ukurasa huo una jina lake, kituo chake, na majibu ya vipimo, ikiwamo HIV na kaswende. Ndani ya dakika moja watu 86 wamejua, mmoja wao ni wifi yake. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu HIV na UKIMWI inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini yake, na ile ya kulinda data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini sheria haiwezi kufuta picha iliyo kwenye simu za watu. Kataza picha za kijitabu kabisa. Anayetaka kuelezwa jambo aliandike kwa maneno, au aende na kijitabu chenyewe kwa nesi. Picha ya skani ina jina pembeni; ikatwe kwanza. Mtoto asipigwe picha akiwa uchi hata kama ni vipele mnavyotaka kuonyeshana. Na isiulizwe kamwe "mbona mtoto wako anapewa Septrin?" Kwa watoto waliozaliwa na mama anayeishi na HIV dawa hiyo huanza wiki ya sita, na swali la namna hiyo ni kumvua mtu nguo sokoni. Kina mama hao wana wenzao waliofundishwa kuwasaidia, kina mama washauri walioko kwenye kliniki zenyewe. Msimamizi amwelekeze huko kwa faragha.

Simu ya kushirikiana na mume ni jambo lingine. Wanaotumia simu moja nyumbani watumie ujumbe unaotoweka: WhatsApp inakupa saa 24, siku 7 au siku 90. Kwa vikundi vyenu siku 90 inatosha kwa kawaida. Mama anayepigwa hata hivyo asisimulie humo ndani. Namba 1195 ni ya bure na inapokea simu za ukatili wa kijinsia mchana na usiku. Iwe inajulikana na kila mmoja, isiachwe kuwa siri ya msimamizi.

Nije kwenye Fansida. Uvumi huo unarudi kila msimu kwa sababu ndani yake kuna chembe ya ukweli iliyogeuzwa. Dawa hiyo haitolewi miezi mitatu ya kwanza. Inaanza wiki ya 13, vidonge vitatu vikimezwa kwa mara moja mbele ya nesi, na inarudiwa kila hudhurio la kliniki ili mradi mwezi mmoja umepita tangu dozi ya mwisho. Lengo ni angalau dozi tatu kabla ya kujifungua. Inaweza kuleta kichefuchefu au kizunguzungu siku hiyo, haitoi mimba. Anayemeza Septrin kila siku hapewi Fansida, na folik asidi ya miligramu 5 haichanganywi nayo kwa sababu inaipunguzia nguvu. Vidonge vya kliniki vya madini ya chuma na folik asidi, miligramu 60 na mikrogramu 400, havina shida hiyo. Sababu ya yote haya ni kwamba malaria ya mjamzito hujificha kwenye kondo la nyuma. Mama anaweza kutembea bila homa, hata kipimo cha kidole kisionyeshe kitu, huku mtoto ananyimwa chakula na damu ya mama inapungua.

Lakini kuna jambo litakalowachanganya zaidi ya uvumi. Mmoja wenu ana dada Nakuru, naye atasema kwa ukweli mtupu: "Mimi kliniki sikupewa Fansida hata mara moja." Ni sahihi. Kenya inaitoa kwa wajawazito wa maeneo yenye malaria ya mwaka mzima, ya kanda ya ziwa na pwani. Nakuru ni nyanda za juu. Ndivyo ushauri mzuri wa mtandaoni unavyogeuka sumu ukihama mahali. Vivyo hivyo ushauri wa Marekani, na chanjo pia: chanjo ya malaria ya watoto ilianzia pande za kwetu mwezi wa Septemba 2019, Homa Bay, na huku kwetu inaanza mtoto akifika miezi sita, huku binamu yake wa mahali pengine akiwa hana habari nayo. Mwekeeni kila anayeleta ushauri maswali mawili: ni wa wapi, na ni wa lini? Bado kuna jumbe zinazozunguka zikiwaambia kina mama wajiandikishe Linda Mama, huduma ya uzazi bila malipo, kupitia NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani. NHIF iliondoka, SHA, mamlaka iliyochukua nafasi yake, ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Kujiandikisha ni *147#, na si jambo la kungoja uchungu uanze; anayefika hospitali bila kujiandikisha anahangaika na simu katikati ya maumivu.

Mjibu uvumi mara moja, kwa ujumbe ulioandaliwa, kisha uufute ule wa asili; msimamizi ana uwezo wa kumfutia kila mtu. Ukibishana nao siku nzima unausambaza. Jitengenezee faili la majibu kama kumi na tano: Fansida, chandarua, maji kwa mtoto mchanga, manjano, kitovu, gripe wota, dawa za kienyeji. Lisomwe na nesi kabla ya kutumika. Mifano miwili ya majibu ambayo hukosewa sana. Jua la asubuhi halitibu manjano. Manjano yakionekana siku ya kwanza ya kuzaliwa ni hospitali siku hiyohiyo. Na jeli ya kitovu, klorheksidini, imewaharibu watoto macho katika nchi kadhaa za Afrika kwa sababu tyubu yake hudhaniwa ni dawa ya macho. Kwa hiyo isitumwe picha ya tyubu na maneno "paka hii" peke yake. Andika: kitovuni tu, kamwe si machoni.

Kuhusu yath nyaluo, dawa zetu za kienyeji, usiwakaripie. Mama mkwe aliyeleta majani anataka mjukuu salama, na ukimdhihaki kwenye kikundi, mama ataendelea kunywa na atakachoacha ni kukwambia. Sema lililo wazi: baadhi ya majani hukaza mji wa mimba kwa nguvu isiyopimika, mtoto anakosa hewa au mji unapasuka, hasa kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji. Mwombe amwambie nesi alichokunywa. Hilo la kumwambia nesi linaokoa zaidi ya katazo.

Matangazo ya maziwa ya kopo hayahitaji mjadala. Tangu 2012 Kenya ina sheria ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama, na kutangaza maziwa ya kopo, chupa au chuchu za kunyonyea kwa kina mama ni marufuku, hata kama muuzaji anajiita "mama mwenzenu" na anatoa kopo la kwanza bure. Futa, mtoe. Ila kuwe na tofauti kati ya anayeuza na anayenyonyesha kwa kopo. Huyo wa pili huenda aliishiwa na nguvu, na maziwa, au ana sababu ya kiafya isiyo yenu. Akiuliza namna ya kuchemsha chupa, ajibiwe namna ya kuchemsha chupa. Chai za kupunguza tumbo mara nyingi zina majani ya kuharisha. Mama anayenyonyesha anapungua maji, tumbo linabaki palepale. Zitoke. Nguo za mtoto za mtumba na beseni za kuogea, wape siku moja kwa wiki, tuseme Jumamosi, baada ya hapo mlango ufungwe. (Ukikataza biashara kabisa watafungua kikundi kingine kukukimbia.)

Unasema wewe si nesi. Hilo lisikusumbue. Mwaka 2013 majaribio saba ya vikundi vya wanawake, kutoka Bangladesh, India, Malawi na Nepal, yaliunganishwa yakapimwa pamoja. Waliowaongoza wanawake hao kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake wa kawaida waliofundishwa kuendesha mkutano. Wenyewe walitaja matatizo yao, wakachagua la kuanza nalo, wakapanga la kufanya. Vifo vya watoto wachanga vilipungua, na nguvu ilionekana zaidi pale ambapo angalau theluthi hivi ya wajawazito wa eneo walihudhuria. Hapa kwetu magharibi, tangu 2012, mpango wa Chamas for Change ulioanzia Busia umekuwa ukiwaweka wajawazito pamoja kwenye chama chenye somo la afya na akiba. Vyote hivyo ni vya kukutana ana kwa ana. Simu inaendeleza kile kilichoanzwa kwenye mkeka. Peke yake huishia kuwa kelele. Kutaneni mara moja kwa mwezi, saa mbili, sehemu yenye kivuli na choo, na mwenye mtoto anayelia aruhusiwe kulia pia.

Nesi mtafute, lakini usimtie kwenye kikundi ajibu mchana na usiku. Atanyamaza baada ya wiki mbili, au atatoka. Mwombe saa moja kwa wiki, Alhamisi saa mbili hadi saa tatu usiku kwa mfano, kwa idhini ya msimamizi wa kituo chake. Maswali uyakusanye wewe kwa faragha tangu Jumatatu, uyaandike bila majina. Utaona maswali yatakayotoka: kutokwa na mkojo ukicheka, lini kurudi kitandani na mume, bawasiri, mtoto niliyempoteza kabla ya huyu. Hayo hayaulizwi mbele ya watu. Yeye asipange dozi ya mtu kwa maandishi, na wewe usimsukume apange. Zaidi ya hapo, waulize kliniki kuhusu PROMPTS, huduma ya SMS ya Jacaranda Health. Ni ya bure, ipo kwa Kiswahili na Kiingereza, mama anaandika swali na kujibiwa, na haihitaji bando wala simu kubwa.

Simu kubwa ndiyo inayokukosesha waliohitaji zaidi. Kando ya kina mama wa WhatsApp kuna mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, katika plot hiyohiyo, na huenda ni msichana wa miaka 17 aliyeacha shule. Kila mwanachama apewe mwenzake mmoja wa kabambe, ampigie Jumatatu dakika tatu: umelala vipi, mtoto anacheza, kliniki ni lini? Kwa wenye WhatsApp nao, zimeni upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja ili bando lisiishe kwa keki za kuzaliwa. Ujumbe wa sauti usizidi dakika moja, na usianze na jina la mtu, kwa sababu huchezwa kwa sauti kubwa ndani ya matatu.

Wahudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, wale wenye mikoba waliopewa vifaa mwaka 2023, wawe wanajua vikundi vipo. Mmoja wao akiwa mwanachama wa kila kikundi, mambo mengi yanapita njia fupi.

Fedha. Mkiamua kuwa na mfuko wa gari, uwe mdogo na wa kazi moja. Watu 20 wakitoa shilingi 50 kwa wiki, mwezi una 4,000, na hizo zinatosha safari kadhaa za tuktuk usiku. Anayetunza si wewe msimamizi. Kila Ijumaa mtunzaji aandike kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, pamoja na picha ya skrini ya salio. Aliyesafirishwa arudishe kidogo kidogo ndani ya miezi miwili bila riba. Asiyeweza, mkae naye, asitajwe kikundini. Na yule anayeandika saa nne usiku "mtoto yuko ICU, tuma hapa haraka" apigiwe simu kwanza, kwa namba yake mliyonayo. Akaunti huibwa kwa ujumbe wa tarakimu sita: "nimekutumia namba kimakosa, nirudishie." Kila mwanachama aweke PIN ya hatua mbili.

Nimeacha mawili ya mwisho kwa makusudi, maana hayana utaratibu mwepesi.

La kwanza ni wanaonyamaza. Tengeneza daftari la karatasi, si la kikundi, lenye jina la kila mama na tarehe aliyojifungua. Mpigieni siku ya tatu, siku ya kumi na wiki ya sita. Machozi ya siku za kwanza, kati ya ya tatu na ya tano hivi, huwapata wengi na huisha ndani ya wiki mbili. Yakivuka wiki mbili, au mama hafurahii tena kitu, hawezi kulala hata mtoto akilala, anasema mtoto angekuwa bora bila yeye, hiyo si uvivu wala chira, laana ya kuvunja mwiko. Ni ugonjwa, unatibika, na kliniki ina maswali kumi mafupi, yaliyotungwa Edinburgh mwaka 1987, yanayohusu siku saba zilizopita. Msiyaweke kikundini watu wakashindana alama, mpeleke mtu. Swali la kumfungua mdomo si "unaendeleaje?", maana atajibu salama. Muulize, "Usiku ukiwa macho na mtoto, mawazo yako huenda wapi?" Akisema kujidhuru au kumdhuru mtoto, asibaki peke yake hata dakika kumi, na aende hospitali siku hiyo. Akianza kusikia sauti au kuongea mambo yasiyoeleweka, ni dharura sawa na kuvuja damu. Msalaba Mwekundu wana 1199, bure, kwa anayetaka kuongea na mtu kwanza.

La pili ni yule aliyepoteza mtoto. Mpigie wewe, leo. Usimwandikie. Usiseme Mungu alimpenda zaidi, wala kwamba bado ni kijana atapata mwingine. Sema: "Pole sana, dada. Nilikukosa. Nikija kesho jioni na chakula itakuwa sawa?" Kama mtoto alikuwa na jina, litaje. Muulize mambo matatu, taratibu. Je, angependa wenzake waambiwe, na kwa maneno gani? Je, angetaka kurudi kikundini, akae nje kwa muda, au aunganishwe na mama mwingine aliyepitia hayo? Hakuna jibu lililo baya, na wengine hutaka kubaki. Na je, ameonwa na nesi tangu atoke hospitali? Kliniki ya baada ya kujifungua ni yake pia, ila watu humsahau kwa sababu hana mtoto wa kupimwa. Maziwa huja hata mtoto asipokuwepo, siku ya pili hadi ya tano, na hakuna aliyemwonya. Sidiria inayoshika vizuri, kitambaa cha baridi, na kukamua kidogo tu pale titi linapouma sana, maana ukikamua yote linajaza tena. Titi likiwa jekundu na lina joto, na homa, aende kituoni.

Kwa wengine, ujumbe mmoja wa msimamizi unatosha, kwa maneno aliyoyakubali yeye, na kwa siku hiyo picha za watoto zisitumwe kwenye kikundi chake. Kesho yake zirudi.

Anza hivi: leo mpigie huyo dada. Kesho funga kuandika kwa wote isipokuwa wasimamizi, bandika ujumbe wa dalili, ueleze kwamba unagawanya. Alhamisi mpange zamu. Jumamosi fungua vikundi vidogo, wote 87 wabaki pamoja kwenye ukumbi wa matangazo tu. Kila kikundi kidogo kipewe tarehe ya kufa tangu siku ya kwanza: pale mtoto wa mwisho atakapopata chanjo ya surua ya miezi 18. Siku hiyo daftari la tarehe lichomwe, na wawili watatu kati yao waombwe kushika zamu ya kina mama wapya.